Ngezi kwa Baiskeli ya Kukodi: Njia ya Magurudumu na Njia ya Miguu

Kaskazini mwa Pemba pana duka dogo linalokodisha baiskeli za milimani pamoja na mtembezaji wa kumwongoza mteja kutoka Konde, kupitia msitu wa Ngezi, hadi Ras Kigomasha kwenye ncha ya kisiwa. Jina la duka silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema juu ya baiskeli zake si mazuri, na Pemba ni ndogo. Ninachokusudia ni kuipima huduma yenyewe kwa faida ya wanaofikiria kuilipia, hasa wenyeji wa visiwa hivi, ambao wengi wao wamezoea kudhani kwamba kupanda baiskeli kwa matembezi ni shughuli ya wageni tu. Nakusudia pia kulijibu swali ambalo wateja wengi hawaliulizi mpaka wakishalipa: baiskeli ikishakuwa mkononi mwangu, inaruhusiwa kupita wapi?

Hukumu yangu ni kwamba mtembezaji anastahili kila shilingi anayolipwa, njia ni nzuri kuliko inavyosifiwa, na baiskeli ziko chini ya wastani. Nitaanza na hizo baiskeli ili nimalizane nazo.

Ni baiskeli za mtumba, zenye fremu nyepesi, springi mbele na gia nyingi, na kwa macho zinapendeza. Ubovu umo katika vitu vinavyochakaa kwa matumizi, ambavyo mwenye duka angeweza kuvibadilisha kwa gharama ndogo. Mipira ya breki ya baiskeli niliyopewa mimi ilikuwa imelika hadi chuma kikawa kinakwaruza rimu, na sauti yake niliisikia mara tu nilipoijaribu kwenye mteremko ulio nyuma ya duka. Kijana wa dukani alitaka kukaza waya tu. Nilimwambia kwamba sitoki na breki za namna ile, naye, baada ya kunitazama kidogo, akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa nati, spoki na mipira ya breki, akachagua jozi moja isiyolika sana na kuifunga. Tairi la mbele lilikuwa na kashata zake kamili, lakini la nyuma lilikuwa linakaribia kipara, na kwa barabara za Pemba, ambazo si tambarare kama watu wa Unguja wanavyodhani bali ni vilima na mabonde yasiyokwisha, tairi la nyuma ndilo linalobeba kazi ya kupanda. Kiti hakikuweza kuinuliwa kwa kuwa nati yake imeshika kutu. Kengele haikuwepo kabisa, na hilo nitalirudia.

Limebaki suala la cheni, ambalo linahitaji maelezo yake, kwa sababu waliobuni baiskeli ya milimani hawakumfikiria mwanamke wa Kipemba. Baiskeli za kawaida tulizozizoea, zile Phoenix za chuma, mara nyingi huwa na kava inayoifunika cheni, na mtu aliyevaa baibui au kanzu anaweza kupanda bila wasiwasi. Baiskeli ya milimani haina kava ya aina yoyote. Cheni iko wazi, imejaa grisi, na meno ya gia yanakamata kila kinachopeperuka. Nilikuwa nimevaa suruali pana na gauni refu juu yake, vazi ambalo nililiona linafaa. Kabla hatujatoka, mtembezaji alinitazama miguuni, akafungua mkoba wake na kutoa kipande cha mpira wa ndani uliochanwa kama mkanda.

"Mwanangu, funga upindo hapa, juu ya kifundo," alisema. "Cheni haina adabu."

Mkanda ule ulikaa mguuni siku nzima bila kulegea wala kubana. Duka linalotoza shilingi elfu ishirini na tano kwa siku lingeweza kuwa na mikanda ya namna hiyo kumi, ikiwa imetundikwa mlangoni, badala ya kumwachia mzee mmoja abebe ya kwake.

Mzee huyo, ambaye sitamtaja jina, ni mwenyeji wa upande wa Makangale na umri wake unatosha kuwa baba wa wateja wake wengi. Haipandi baiskeli ya duka. Anapanda Phoenix yake isiyo na gia hata moja, na kwenye vilima hushuka akaisukuma bila haya yoyote, kisha hutukuta juu tukiwa tunahema, akatupa pole na kuendelea. Thamani ya huduma nzima iko kwake, kwa sababu yeye ndiye anayejua njia ipi ni ya nani.

Kutoka Konde hadi lango la msitu ni kilomita kama tano, na sehemu hii inapita katikati ya makazi na mashamba ya mihogo, migomba na mikarafuu. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini hakuna duka linalopaswa kumwachia mgeni baiskeli na ramani ya simu peke yake. Kwenye ramani, kila kichochoro kinaonekana kama njia huru. Kwa hakika, vingi ni njia za watu za kwendea shamba, kisimani au kwa jirani, na baadhi yake zinapita kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, mbele ya jiko lake. Mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji kichwani hawezi kuruka pembeni baiskeli inapomtokea kwenye kona. Wakati wa msimu, karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na gurudumu moja likipita pembeni ya jamvi linamharibia mtu kazi ya siku kadhaa za kuchuma na kuchambua. Mzee alikuwa na desturi ya kupiga kengele mapema sana, akiwa bado mbali, na baada ya kengele akatoa salamu kwa sauti, "Hodi jamani, tunapita," na hakuvuka uwanja wa nyumba hata mmoja bila kuitikiwa. Sisi tuliokuwa nyuma yake hatukuwa na kengele, kwa hiyo tulimtegemea yeye. Nasisitiza hili kwa sababu mjadala wa baiskeli na maeneo ya asili huzungumzwa kana kwamba pande zilizopo ni mbili tu, mpandaji na msitu, ilhali Pemba mtu wa tatu, mwenye shamba, yuko kila mahali na ndiye wa kwanza kuombwa ruhusa.

Langoni tulilipa kiingilio na kupewa stakabadhi. Ngezi, ambao jina lake kamili ni Hifadhi ya Msitu wa Asili wa Ngezi-Vumawimbi, una takriban hekta 1,440, na ni sehemu kubwa zaidi iliyobaki ya msitu wa asili uliokuwa umefunika Pemba kabla ya mikarafuu na mashamba mengine kuchukua ardhi. Misitu ya Zanzibar husimamiwa kwa Sheria namba 10 ya mwaka 1996, ambayo pamoja na mambo mengine ilifungua mlango wa wanavijiji kuingia katika usimamizi wa misitu iliyo jirani nao. Barabara inayokwenda kaskazini inapita katikati ya msitu, na nilipoipita mimi ilikuwa ya udongo, kivuli kikiwa kimefunga juu yake hata saa sita mchana ikawa kama jioni. Barabara hiyo ndiyo njia ya baiskeli, na ni njia nzuri sana: ina miinuko midogo, mizizi michache, mchanga laini sehemu mbili tatu, na upana wa kutosha kupishana na pikipiki bila mtu kuingia majanini. Kwa mpandaji anayeanza ni salama, na kwa mzoefu haichoshi, mradi asiwe anatafuta mashindano.

Pembeni mwa barabara zinachipuka njia ndogo za kutembelea msitu, kama ile inayoitwa njia ya Joshi, na hapo mzee alisimama, akaiegemeza Phoenix yake kwenye mti na kusema kwamba kuanzia hapo tunakwenda kwa miguu.

Mmoja wetu alikuwa mgeni kutoka Scotland, mpandaji hodari, na alilipokea jambo hilo kwa mshangao wa kweli. Kwao, alieleza, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu popote kwa miguu au kwa baiskeli, mradi afanye hivyo kwa uangalifu. Nililiona shauri lake lina uzito, maana nchi zimetofautiana sana juu ya jambo hili hata huko ambako mchezo umezaliwa na kukua. Jirani zake wa England na Wales, kwa sheria ya mwaka 1968, baiskeli ina haki kwenye njia za farasi lakini haina haki kama hiyo kwenye njia za waenda kwa miguu. Marekani, ambako baiskeli ya milimani ilianzia kwenye vilima vya Marin huko California katika miaka ya 1970, sheria ya mwaka 1964 inayolinda maeneo ya nyika ilikataza humo vyombo vya usafiri vya kimitambo, na baiskeli imehesabiwa kuwa mojawapo. Alitaja pia hoja ambayo wapandaji huipenda, kwamba gurudumu haliharibu njia kuliko kiatu. Hoja hiyo si ya kubuni: utafiti uliofanywa Montana na kuchapishwa mwaka 1994 ulilinganisha farasi, watembea kwa miguu, pikipiki na baiskeli, ukaona kwamba kwato na nyayo zililegeza udongo mwingi zaidi kuliko magurudumu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, nami nikiwa mfasiri, kisha akamwambia, "Mwambie kwao milima ni mingi. Sisi msitu wetu ndio huu."

Baada ya kutembea ndani kwa mwendo wa saa moja hivi, nilikubaliana naye, na si kwa sababu ya heshima ya umri peke yake. Njia za ndani ni nyembamba, udongo wake umefunikwa na majani yaliyooza, na pahala pengi pana unyevu hata wakati ambapo barabara ni vumbi tupu. Gurudumu linalozunguka taratibu kwenye udongo mkavu linaweza kweli lisizidi kiatu kwa madhara. Lakini mpandaji hazunguki taratibu wakati wote: akiteremka hubana breki ya nyuma, tairi huburura badala ya kuzunguka, likachimba mfereji ambao mvua inayofuata huufanya mkondo, na akikuta tope hulikwepa pembeni, mwenzake naye akakwepa zaidi, hadi njia ya mtu mmoja ikawa na upana wa gari. Wenye miguu nao hukwepa tope, sikatai, ila mwenye miguu hana haja ya mwendo. Na pale Ngezi, pembeni mwa njia hakuna nafasi ya kupoteza. Miche ya miti inaota hadi kwenye ukingo, ikiwemo ya mpapindi, mnazi-pori mwembamba ambao kwa asili hauoti kokote duniani isipokuwa Pemba.

Mwendo wenyewe ni hoja ya pili. Msomaji wa Unguja atayakumbuka matuta ya barabarani pale kwenye msitu wa Jozani, yaliyowekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima punju wanaovuka, na ambayo yamepunguza vifo hivyo. Baiskeli haiui kima, lakini inakuja kimya na kwa kasi, na mnyama wa msituni husikia hatua za mtu mapema kuliko anavyosikia tairi. Tukiwa kwa miguu, tuliwaona tumbili wakitutazama bila kukimbia, na mzee alitusimamisha chini ya mti ili tumsikilize ninga wa Pemba, njiwa wa kijani ambaye, pamoja na chozi wa Pemba, kinengenenge na yule bundi mdogo, ni miongoni mwa ndege wanne wanaopatikana kisiwani humu peke yake. Kwa baiskeli tungempita tu.

Popo nao wanahitaji maneno machache. Popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanaweza kufika upana wa karibu mita moja na nusu, hulala mchana akiwa amening'inia juu mitini, na kelele humwamsha na kumrusha. Katika miaka ya 1990 alikuwa katika hatari kubwa ya kutoweka kwa sababu ya kuwindwa kwa ajili ya nyama na kukatwa kwa miti anayolala. Idadi yake ilipanda tena baada ya wanavijiji kuunda vikundi vya kumlinda, na Kidike, katikati ya kisiwa, ndiko wengi huenda kumtazama. Baiskeli ina faida juu ya gari hapa, kwa kuwa haina muungurumo. Nimewahi kusikia watu wakidai kwamba baiskeli zote zipigwe marufuku katika hifadhi zetu huku wenyewe wameegesha gari langoni na muziki unalia. Sioni mantiki yake.

Baada ya msitu, barabara inatokea kwenye uwazi, na upande wa kulia unateremkia Vumawimbi, ufuo mrefu mweupe ambao siku tuliyokwenda ulikuwa na wavuvi wachache tu. Maji yakiwa yamepwa, mchanga ulio karibu na bahari ni mgumu na unapandika vizuri, hasa ukipunguza upepo kidogo kwenye matairi. Mchanga wa juu ni mlaini, na hapo husukumi baiskeli bali unaiburuta. Tahadhari yangu ni juu ya chumvi. Maji ya bahari yakiingia kwenye cheni na beringi, kutu haichelewi, na duka lilikuwa na ndoo moja tu ya maji baridi ya kuoshea baiskeli zote jioni, jambo ambalo linaeleza vizuri ile nati ya kiti changu. Wanaokwenda na baiskeli zao wenyewe wabebe chupa ya maji ya kisima na mafuta ya cheni.

Ras Kigomasha tulifika mapema mchana. Mnara wa taa uliopo hapo ni wa chuma, umesimama tangu mwaka 1900, na tuliutazama kwa nje, tukala mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga tuliyonunua njiani. Chakula hakimo katika malipo, wala maji ya kunywa, na hilo lingefaa kusemwa wazi wakati wa kulipa.

Wakati wa kurudi tairi la nyuma la mgeni lilitoboka kwa mwiba. Mzee alikuwa na gundi, viraka na pampu ya mkono, na aliziba pancha kwa ustadi akiutafuta upepo unaotoka kwa kuupitisha mpira karibu na midomo yake, kwani maji ya kuuzamisha hayakuwepo. Duka halikuwa limempa mpira wa ndani wa akiba hata mmoja. Kwa safari ya siku nzima inayowapeleka wateja mahali ambapo fundi hapatikani, huo ni uzembe ambao nati iliyoshika kutu haiufikii. Nilipomwambia mwenye duka jioni, alijibu kwamba mipira ya ukubwa ule ni shida kuipata Pemba, ambalo ni kweli kwa kiasi, lakini boti zinakuja na fundi yeyote wa Mjini anaweza kuagizwa.

Kwa hiyo, atakayeitaka huduma hii ajaribu breki kabla ya kulipa, aulize kengele na akubali kungoja itafutwe, aangalie kashata za tairi la nyuma, na abebe mpira wake wa ndani kama anajua kipimo. Wanawake waende na mkanda wa kufungia upindo. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, si ya safari hii: barabara ya msituni huwa utelezi, na mzee mwenyewe huwarudisha watu langoni akiona tope limezidi, hata kama wameshalipa dukani, jambo ambalo mwenye duka halipendi nami nimelipenda sana. Kuanzia Juni hadi Septemba hali ya hewa ni ya baridi kidogo na ardhi imekauka vya kutosha; Januari na Februari pia panafaa, ila joto ni kali na ni vyema kutoka Konde saa moja asubuhi.

Siku ya Ijumaa mzee hatoki kabla ya sala. Anayemtaka yeye, na ushauri wangu ni kwamba amtake yeye, asichague Ijumaa, kwa sababu kuondoka saa nane mchana hakutoi muda wa kufika Kigomasha, kutembea ndani ya msitu na kurudi Konde kabla ya magharibi, na baiskeli za duka hazina taa.